Jembe la Siku ya Tatu

Sogeeni, na aliye karibu na dirisha alifunge. Nchi ninayotaka kuwasimulia iko mbali sana, mbali kiasi kwamba mtu akisikia humu jambo linalomkumbusha kwao, kosa ni la kumbukumbu zake, akapimwe. Mimi sigombani na mtu. Nasema nilivyoambiwa, na aliyeniambia yuko tayari kukana mbele ya hakimu yeyote.

Wenyewe huiita Nchi Karimu. Neno KARIBU limeandikwa kila mahali: uwanja wa ndege, milango ya ofisi, hata juu ya lango la gereza kuu, na kweli huko watu hukaribishwa kila siku. Kiongozi wao si rais wala si mfalme. Ni Mwenyeji Mkuu wa Taifa, kwa maana nchi ni sebule yake, na wananchi wamo humo kwa hisani yake, mradi wasiguse vitu.

Basi akafika huko mwanamke mmoja aitwaye Mwasiti Kingazi, fundi bomba wa miaka thelathini na minne, mwenye vyeti vitatu, mfuko wa zana mzito kama mbuzi, na kibali cha siku kumi na nne za kujitolea. Kazi yake ilikuwa moja tu: kurudisha maji katika zahanati ya Mji Heshima, ambako chumba cha kujifungulia kilikuwa kimekaa miezi kumi na moja bila tone.

"Bomba lililopasuka ni kazi ya asubuhi moja," aliwaambia wenzake kabla ya kuondoka kwao. "Siku kumi na tatu zitakazobaki nitawafundisha."

Masikini Mwasiti! Hakujua anakwenda wapi.

Pale forodhani afisa alifungua mfuko, akachungulia, akaufunga haraka kama aliyeona nyoka.

"Hivi ni nini, Mgeni Wetu Mtukufu?"

"Zana."

"Za nini?"

"Za kazi, kaka. Mimi ni fundi bomba, nimekuja kujitolea."

Afisa alishika kichwa. "Dada yangu! Umefika sasa hivi, hata pumzi hujavuta, unataja kazi! Majirani watatuonaje? Si watasema tunatesa wageni?"

Akaubandika mfuko karatasi iliyoandikwa ZINAPUMZISHWA, akausukuma chini ya meza. Badala yake akampa Mwasiti mkasi mpya unaong'aa, umefungwa kitambaa chekundu mpinini.

"Hii ndiyo zana ya mgeni. Ya kukatia utepe. Uitunze."

"Na mfuko wangu nitaupata lini?"

"Siku ya kuondoka. Usijali, tutakusaidia kuubeba."

* * *

Nje alikuwa anasubiriwa na bendi ya watu kumi na mmoja na Bwana Ngulumbi. Huyu alikuwa Mkuu wa Mapokezi wa Wilaya, Daktari wa Heshima na Balozi Mstaafu Mtarajiwa, bwana mnene wa suti ya vipande vitatu, aliyezoea kuongea kana kwamba kipaza sauti kiko mbele yake hata akiomba chumvi.

"Kwa niaba ya Mwenyeji Mkuu, kwa niaba ya wilaya, na kwa niaba yangu mimi mwenyewe niliyejituma," alisema, "karibu ukae!"

Naye alimaanisha kukaa. Katika Nyumba ya Wageni wa Heshima kulikuwa na kiti kikubwa chenye vitambaa vya kufuma kila upande, na juu ya kiti hicho Mwasiti alianza Kozi ya Kuzoea Mazingira. Jumatatu alifundishwa kukaa. Jumanne alifundishwa kupunga mkono kwa namna isiyochosha bega. Jumatano ilikuwa somo la kupokea shukrani kabla hujafanya lolote, maana huko kushukuriwa baada ya kazi ni ushamba. Alilishwa mara tano kwa siku. Alipojaribu kurudisha sahani yake jikoni, wahudumu watatu walimpigia magoti asiwatie matatani.

Siku ya nne uvumilivu ulimshinda. Bomba la sinki chumbani kwake lilikuwa linadondoka, to, to, to, na fundi gani atalala na sauti hiyo? Asubuhi na mapema alichukua ule mkasi wa utepe, akaubana kwenye mpira wa koki, akakaza. Likanyamaza. Saa tatu aliletewa barua yenye mihuri minne: "Umekutwa na kazi. Kwa kuwa ni mara ya kwanza, umesamehewa." Na fundi wa serikali akaja kulilegeza bomba lirudi lilivyokuwa, kwa kuwa lilikuwa katika mpango wa kuzinduliwa mwakani.

Mwasiti alimwendea Bwana Ngulumbi akiwa amefura.

"Bwana Mkuu, nimekuja hapa kwa ajili ya zahanati. Nina siku kumi zimebaki. Kuna wanawake wanajifungua bila maji!"

"Shh, Mgeni Wetu, usijichoshe." Bwana Ngulumbi alitoa kitabu kidogo mfukoni, akakibusu, akakifungua. "Unajua wahenga walisema nini? Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwingine hayo ni maneno ya wazee. Kwetu ni katiba! Ibara ya Tatu. Kifungu a: mgeni hatashika kazi mpaka akabidhiwe jembe siku ya tatu. Kifungu b: jembe likishakabidhiwa, hakuna mtu atakayemnyang'anya mgeni, kwani kumnyang'anya ni kumfukuza, na Nchi Karimu haifukuzi mtu. Inamsindikiza. Kifungu c: mgeni ni mtu yeyote aliyefika katika nchi hii na hana kitambulisho chake."

"Vizuri! Mimi leo ni siku yangu ya nne. Nipeni jembe."

Bwana Ngulumbi alicheka mpaka kizibao kikapanda. "Ya nne? Kifungu d, dada yangu! Siku haihesabiwi mpaka izinduliwe rasmi. Siku yako ya kwanza tutaizindua leo jioni, mgeni rasmi akimaliza mafua."

Hapo ndipo Mwasiti alipouelewa mtego. Kibali kilikuwa kinahesabu siku za kalenda ya ukutani, jembe lilikuwa linahesabu siku za serikali.

* * *

Siku ya tano ya ukutani alipelekwa zahanati kwa Ziara ya Kutazama, kwa sharti kwamba mikono yake ikae nyuma.

Uwanja wote wa zahanati ulikuwa vumbi tupu. Ukutani yalijipanga madumu ya kila rangi, na mlangoni kulikuwa na tangazo la mkono: MJAMZITO AJE NA MADUMU MAWILI. Lakini katikati ya uwanja, loh, palikuwa na nyasi! Nyasi za kijani zinazofika magotini, zimezungukwa na kamba na bango lililosema USIKANYAGE NEEMA. Katikati ya nyasi lilisimama jiwe kubwa lenye maandishi ya dhahabu: JIWE LA MSINGI LA MRADI MKUU WA MAJI, LIMEWEKWA KWA MIKONO MITUKUFU YA MWENYEJI MKUU WA TAIFA.

"Muujiza," alinong'ona Bwana Ngulumbi, akivua kofia. "Jiwe limewekwa, wiki hiyo hiyo nyasi zikaota. Wataalamu wetu wamethibitisha kuwa ni baraka za mkono."

"Na maji ya zahanati yalikatika lini?"

"Wiki hiyo hiyo. Maji ya zamani yaliona haya, yakaupisha mradi."

Mwasiti aliinama kama anayefunga kamba za viatu, akatega sikio. Chini kule alisikia: shhhh. Akamwacha Bwana Ngulumbi anapigwa picha na nyasi, akaingia ndani mbio.

Alimkuta Nesi Zawena, mkuu wa zahanati, mama wa miaka hamsini na kitu, mkavu, kofia yake imenyooshwa kwa pasi ya mkaa. Alikuwa anapima tumbo la mwanamke kijana aitwaye Siwema, mimba ya miezi tisa, aliyekuwa amekuja na madumu yake mawili kwa miguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mgeni wetu?"

"Ndiye mimi. Mama, nimegundua! Lile jiwe limekalia bomba! Maji yapo, yanavujia chini ya jiwe, ndiyo maana nyasi..."

Nesi Zawena alimtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtoto aliyekuja kukuambia kuwa kumekucha.

"Siwema, hebu mwambie."

"Futi mbili na nusu kwenda chini," alisema Siwema, bado amelala kitandani. "Bomba la plastiki, inchi moja na nusu. Jiwe limelipasua kwa kona ya kushoto. Nalijua, dada, nilililaza mwenyewe kwa mikono yangu, huu mwaka wa sita."

"Wewe ni fundi?"

"Fundi bomba. Kama wewe, ila mimi vyeti sina."

Mwasiti alihisi uso wote unawaka. Miezi mitatu alikuwa amejiandaa kuja kuwafundisha watu hawa! Aibu ilimshika, na nyuma ya aibu, hasira.

"Sasa kama fundi mnaye, mimi mmeniita nije nifanye nini?"

"Sikuomba fundi," alisema Nesi Zawena. "Kaisome barua yangu. Niliomba mgeni."

Akamkalisha, akamweleza. Miaka mitatu nyuma, ili kulienzi jembe, serikali ilikusanya majembe yote ya nchi, ikayayeyusha, ikajenga Mnara wa Jembe kule mji mkuu, mrefu kuliko minara yote ya majembe duniani, ambayo ni huo mmoja. Kila wilaya iliachiwa jembe moja tu, likapakwa rangi ya dhahabu, likafungiwa katika kabati la kioo. Tangu hapo wananchi wanapanda mahindi kwa vijiti, na redio inasema hicho ndicho kilimo cha staha.

"Hatukukaa bure, mwanangu. Tulijaribu kuchimba kwa mwiko wa ugali. Mwiko ulivunjika, na aliyeushika yuko kule penye lango la KARIBU. Mwezi jana alikuja mama wa mapacha na dumu moja, la pili lilimwagikia njiani. Maji yalituishia mikononi. Watoto wazima, yeye kidonda kikaoza. Yuko hospitali ya mkoa hadi leo, na sijui kama atarudi. Nchi nzima ni mgeni peke yake anayepewa jembe. Na akishapewa hanyang'anywi. Nimeandika barua miezi minane kukupata wewe. Si wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone? Ndiyo umekuja. Sasa tuponye."

Mwasiti akaanza kucheka, cheko la mtu aliyekuja na mzigo mkubwa akaambiwa autue mlangoni, aingie yeye tu. Siwema naye akacheka, akishika tumbo.

"Utajifungua lini?" Mwasiti alimuuliza.

"Wiki hii au ijayo. Huyu hangoji kuzinduliwa."

* * *

Kuanzia siku ile hapakuwa na mgeni aliyekaa kitini vizuri kama Mwasiti. Alipunga mkono, alishukuru, alikula milo mitano na kuomba wa sita. Bwana Ngulumbi aliandikia mji mkuu kwamba hajapata kuona mtu aliyezoea mazingira kwa kasi ile. Lakini mgeni rasmi alikuwa na mafua, kisha akawa na msiba, kisha viatu vyake vikawa kwa fundi. Siku ya pili ilizinduliwa siku ya tisa. Siku ya tatu ilizinduliwa siku ya kumi na tatu, saa mbili asubuhi, kesho yake kibali kinakufa.

Uwanja wa mkutano ulifurika. Safari hii mgeni rasmi alikuwa Bwana Ngulumbi mwenyewe, kwa vile yule mwingine viatu vilimbana. Alizungumza saa mbili na robo. Alieleza historia ya jembe tangu kuumbwa kwa chuma. Alisema jembe ni dhana, jembe ni dira, jembe ni falsafa ya mikono, na kwamba taifa lisilo na jembe ni sawa na taifa ambalo halina jembe. Watu wakapiga makofi. Kisha likaletwa lenyewe juu ya mto wa mahameli, linang'aa kwa dhahabu, limefungwa utepe. Mwasiti akatoa mkasi, akaukata.

"Pokea!" alinguruma Bwana Ngulumbi.

Mwasiti akapokea. Wapiga picha wakapiga. Akaliinua juu kama alivyofundishwa, akatabasamu kulia, akatabasamu kushoto.

"Vizuri sana. Sasa lirudishe juu ya mahameli," alisema Bwana Ngulumbi kwa pembe ya mdomo. "Kabati linasubiri."

"Asante sana, Bwana Mkuu," alisema Mwasiti, akalitia jembe begani, akashuka jukwaani, akaondoka zake.

Hakuna aliyewahi kuona jambo hilo. Askari wakamtazama Bwana Ngulumbi, Bwana Ngulumbi akapekua ratiba. Na ratiba ilikuwa wazi: jembe hutangulia, mgeni rasmi hufuata jembe, bendi hufuata mgeni rasmi, wananchi hufuata bendi. Haikusema jembe litakwenda wapi. Basi akafuata. Bendi ikapiga wimbo wa ukaribisho, na mji mzima ukaandamana nyuma ya fundi bomba mmoja hadi zahanati.

Mwasiti aliiruka kamba, akasimama juu ya Neema kwa viatu vyake vyote viwili, akapiga jembe la kwanza. Rangi ya dhahabu ilibanduka, na chini yake palikuwa na chuma, chuma hasa.

"Simama!" Bwana Ngulumbi alikuwa anahema. "Hilo ni jiwe la Mwenyeji Mkuu! Unachimba mikono mitukufu!"

"Ibara ya Tatu, kifungu b," Mwasiti alijibu bila kugeuka. "Ulinifundisha mwenyewe."

"Lakini jembe hili ni la picha!"

"Basi pigeni picha!"

"Askari! Mnyang'anyeni!"

Askari walikuwa wawili. Mmoja alikuwa anakijua kifungu b kwa moyo. Wa pili, ambaye mkewe alikuwa pale pale kwenye foleni ya kliniki, alitazama dumu la mkewe, akatazama nyasi, akageuka kuangalia mawingu. Na bendi, kwa kuwa hakuna aliyeiamuru inyamaze, iliendelea kupiga, na jembe likawa linashuka kwa mdundo.

Siwema alitoka ndani akiwa ameshika kiuno, akakaa juu ya dumu lililopinduliwa, ukingoni mwa shimo. Uchungu ulikuwa umeshaanza.

"Kushoto, dada, kushoto! Unachimba kama unajikuna!"

"Nimekaa kitini siku kumi na tatu, unategemea nini?"

Kufika futi mbili jiwe likawa linacheza. Mwasiti peke yake hakuliweza. Akainua kichwa, jasho linamtiririka, akawatazama watu waliosimama nje ya kamba. Nesi Zawena alivua kofia yake, akaiweka juu ya bango la USIKANYAGE NEEMA, akaruka kamba. Akafuata mama mmoja wa foleni, wakafuata wawili, wakawa wanane, wengine na watoto migongoni. Wakaling'oa jiwe la Mwenyeji Mkuu kama jino.

Na maji yakaruka! Yakapanda juu, yakashuka yote juu ya suti ya vipande vitatu.

Bwana Ngulumbi alisimama palepale, anachuruzika, akifikiri kwa bidii kuliko alivyowahi kufikiri tangu kuzaliwa. Jambo hili likiitwa uhaini, umetokea mbele ya macho yake na bendi yake ikipiga. Likiitwa maendeleo, nayo pia yametokea mbele ya macho yake. Akafuta uso, akainua mkono.

"Nayazindua maji haya!" alipaza sauti. "Makofi!"

Hakupata hata moja. Watu walikuwa na kazi. Huyu alikimbilia koki ya juu kufunga maji, yule alileta msumeno, mwingine alivunja stoo kutoa mabomba mapya yaliyokaa humo miezi kumi na moja yakisubiri utepe. Mwasiti alikata kipande kilichopasuka, akapasha ncha ya bomba kwenye jiko la mkaa mpaka ikalainika. Alipotaka kuunga, Siwema alimshika mkono.

"Hilo niachie. Bomba langu."

"Siwema, ingia ndani!" alifoka Nesi Zawena. "Mtoto anakuja!"

"Nikaze kwanza, nesi."

Akapiga magoti shimoni na tumbo lake lote, akaingiza ncha moja kwenye nyingine, akazungusha mpira wa baiskeli mara sita, akavuta kwa meno. Kisha akasimama, akapangusa mikono, akaingia ndani kwa miguu yake. Saa kumi alasiri alizaliwa mtoto wa kike, akaoshwa kwa maji ya bomba. Mkasi wa zahanati ulikuwa umeazimwa na serikali kuzindulia kitu fulani ukapotea, kwa hiyo Nesi Zawena alichemsha ule wa Mwasiti wa kukatia utepe, akakatia kitovu.

* * *

Mwasiti alitiwa katika Kizuizi cha Heshima, ambacho ni kile kile kiti cha vitambaa, safari hii na askari mlangoni. Mashtaka yalikuwa mazito: kumaliza kazi. Wajitoleaji mia mbili walikuwa wamepita Nchi Karimu kabla yake, na wote walijua adabu, wakaacha kazi kama walivyoikuta ili wenzao nao wapate cha kujitolea. Yeye ameharibu mpango wa miaka ishirini kwa asubuhi moja.

Kibali chake kilikwisha siku ya kumi na nne. Siku hiyo hiyo alisikia bendi ikienda zahanati, maana Bwana Ngulumbi alikwenda kulizindua bomba kwa mara ya pili, safari hii suti yake ikiwa kavu. Siku ya kumi na tano walimtoa.

"Leo unasindikizwa," alisema Bwana Ngulumbi. Alikuwa hajalala, macho mekundu. "Lakini kwanza jembe. Mji mkuu wanalidai. Kisheria sisi hatuwezi kukunyang'anya, utalirudisha kwa hiari, kwa shangwe, mbele ya kamera."

"Sinalo. Nililiacha zahanati."

"Basi tutakwenda zahanati."

Wakaenda, na bendi. Uwanjani shimo lilikuwa limefukiwa. Jiwe la msingi lilikuwa limelazwa kando ya bomba, chali, na akina mama walikuwa wanafulia nepi juu yake. Jina la Mwenyeji Mkuu lilikuwa linasuguliwa kwa sabuni, na nina hakika halijawahi kuwa safi namna ile.

Bwana Ngulumbi hakutaka kuliona. Alisimama mlangoni, akakohoa, akaanza kama kawaida yake. "Kwa mamlaka niliyopewa, naitangaza siku hii ya leo kuwa imezinduliwa rasmi! Jembe liletwe!"

Alitoka Siwema, mtoto mkononi, jembe begani. Rangi yote ya dhahabu ilikuwa imebanduka.

"Jembe lina mwenyewe, Bwana Mkuu."

"Mwenyewe ni Mgeni Wetu Mtukufu, huyu hapa. Mkabidhi arudishe."

"Huyo kibali kimekwisha. Mgeni ni huyu." Akamfunua mtoto uso. "Amefika katika nchi hii, na hana kitambulisho. Kifungu c."

"Huyo... huyo amezaliwa hapa!"

"Kifungu hakisemi afike kwa mlango gani."

Akina mama waliokuwa wanafua waliacha kufua. Bwana Ngulumbi alitoa kile kitabu, akapekua. Ghafla akang'aa.

"Siku! Siku zake hazijazinduliwa! Kifungu d!"

"Siku ya kwanza tulikata utepe wake kwa mkasi wa serikali," alisema Nesi Zawena kutoka ndani. "Ya pili ulikuja wewe na bendi kuzindua bomba, ukatangaza siku. Na ya leo umeitangaza sasa hivi, mji mzima umesikia."

"Ni ya tatu," alisema yule askari ambaye mkewe alikuwa kwenye foleni. Hakuna aliyemuuliza.

Siwema aliteremsha jembe begani, akaukunjua mkono mdogo wa mwanawe, akauweka juu ya mpini. Mtoto akashika. Watoto wachanga hushika chochote, hilo kila mzazi analijua, lakini Bwana Ngulumbi alirudi nyuma hatua mbili kama aliyepigwa.

"Mnyang'anye, basi," alisema Siwema. "Mbele ya kamera."

Hakumnyang'anya. Alikifunga kitabu, akavua kofia, akaangalia kulia na kushoto akitafuta mtu wa kumpa maagizo, na hapakuwa na mtu. Mwasiti, aliyekuwa amebanwa katikati ya askari wawili, alisikia machozi yanamjia na kicheko kinamjia, akaviacha vyote vije. Mikono yake ilikuwa na malengelenge, na hajawahi kupenda malengelenge namna ile.

"Fundi," Mwasiti aliita.

"Naam, fundi," Siwema alijibu.

Wakaagana hivyo tu. Mwasiti alikuwa ameshaingizwa garini, mfuko wake wa zana umewekwa mapajani na ile karatasi ya ZINAPUMZISHWA haijatoka, alipoona wanawake sita wanaingia langoni. Nguo zao zilikuwa na vumbi la safari ndefu na vichwani walikuwa na madumu matupu. Aliyewatangulia alikuwa mama mrefu, ambaye hakumwamkia Bwana Ngulumbi hata kwa nyusi. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa Siwema.

"Hodi hapa. Tunatoka Mji Staha. Tumeambiwa kuna jembe."

"Lipo. Kwenu kuna nini?"

"Kuna jiwe la msingi," alisema yule mama. "Na majani yake ni mabichi."

Siwema alimtazama mwanawe, ambaye alikuwa amefumba macho, kidole kimoja bado kimekwama kwenye mpini.

"Karibuni mkae kivulini," alisema. "Mwenye jembe amelala. Akiamka akanyonya, mtaondoka nalo."